Naongoza maombi ya wenzangu, lakini moyo wangu umekauka

Shikamoo Mama,

Nakuandikia bila kutaja jina kwa sababu nikijulikana nitawavunja moyo watu wengi. Mimi ni mama wa miaka 41, nimeolewa na tuna watoto watatu. Niliokoka nikiwa msichana na tangu hapo maisha yangu yote yamekuwa kanisani. Mume wangu ni mzee wa kanisa, nami naongoza kikundi cha maombi cha akina mama. Wenye shida huja nyumbani kwetu hata kabla hawajaenda kwa mchungaji.

Mama yangu mzazi aliugua saratani. Nilimuuguza mimi, kwangu. Nilifunga, nikakesha, na kikundi kizima kilisimama nami. Kuna kipindi alipata nafuu, akaanza kula na kutembea mwenyewe hadi nje. Jumapili ile nilisimama mbele ya kanisa nikatangaza kwamba Mungu amemponya kabisa. Watu walishangilia, wengine walilia kwa furaha. Haikupita muda mrefu hali ikageuka, na mama akafariki.

Siku ya maziko sikulia. Nilikuwa nawashika mikono waliokuja kunifariji, nawafariji wao. Nilipopewa nafasi ya kusema nilisema, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe." Mpaka leo watu wananisifia ujasiri ule.

Lakini Mama, tangu siku hizo kuna kitu kilizimika ndani yangu. Alfajiri naamka kama zamani. Nafungua Biblia, nasoma sura nzima, na nikiifunga siwezi kukueleza nilichosoma. Nikipiga magoti maneno yanatoka, lakini ni kama ya mtu mwingine. Kinachonitisha ni kwamba mbele ya watu sauti yangu haijabadilika hata kidogo. Hivi karibuni mama mmoja alinishika mkono baada ya maombi akaniambia nilipomwombea alihisi uwepo wa Mungu. Mimi sikuhisi chochote. Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikalia kwa hasira. Kwa nini hasira, sijui.

Sasa mwenzetu mmoja kikundini, rafiki yangu wa karibu, ana mtoto anayeumwa figo. Kikundi kimepanga kufunga siku tatu kwa ajili yake, na mimi ndiye natakiwa niongoze. Rafiki yangu aliniambia, "Wewe unaijua njia hii. Mwombee mwanangu kama ulivyomwombea mama yako." Nilitamani kumjibu kwamba mama yangu yuko kaburini. Nikanyamaza.

Nilipojaribu kumdokezea mume wangu, alisema, "Usimpe shetani nafasi." Dada mmoja wa kanisa jingine, ambaye nilimweleza kwa kuzungukazunguka, alisema huenda nina dhambi iliyojificha. Nimejipekua usiku na mchana. Mwingine akaniambia niendelee tu kwa imani, hisia zitafuata. Nimeendelea, na hazijafuata.

Je, mimi ni mnafiki? Niache uongozi? Nikiacha nitawaambia nini watu, na mume wangu ataonekanaje? Nikiendelea, nitaombaje kwa ajili ya mtoto yule bila kumdanganya mama yake, na bila kumdanganya Mungu? Naomba unisaidie kufikiri, maana hekima imeniishia.

Mama wa maombi aliyechoka

*

Marahaba, binti yangu.

Pole kwa kufiwa na mama. Nimeanza na pole kwa sababu katika barua yako yote wanaonekana watu waliokusifu, waliokuonya na waliokutegemea, lakini sikumwona hata mmoja aliyekaa kando yako akakuacha ulie. Huenda walikuwepo hukuwataja. Kama hawakuwepo, basi ni zamu yako.

Naona umeleta mambo matatu yaliyosukwa pamoja, na uzito wake unatokana na kuyabeba kama jambo moja. Kuna ukavu: unaomba na husikii kitu. Kuna ushuhuda ulioutoa, ambao haukutimia mbele ya macho ya watu walewale unaowaongoza. Na kuna mfungo unaokuja, pamoja na rafiki anayekutazama kama mtu aliyeshika ufunguo. La tatu lina tarehe, kwa hiyo ndilo linalokukimbiza. Mimi nadhani la pili ndilo linalouma zaidi, na ndilo uliloliandika kwa maneno machache kuliko yote.

Nianze na neno la Ayubu ulilolisema mazikoni. Lile ni neno la imani na sidhani ulidanganya ulipolitamka. Lakini linatoka sura ya kwanza, na kitabu cha Ayubu kina sura 42. Ukifika sura ya tatu, mtu yuleyule anailaani siku aliyozaliwa. Baadaye anamwuliza Mungu maswali ambayo kikundini kwenu yangeshtua watu, anadai asikilizwe, anasema amechoka kuishi. Marafiki zake wanaingia na maelezo yao, na Elifazi anafika mahali pa kumhesabia makosa ambayo Ayubu hakuyatenda, maana kwake haiwezekani mtu ateseke hivyo bila dhambi ya siri. Mwishoni, katika sura ya 42, Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili. Anasema wao hawakunena yaliyo sawa juu yake, kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Na katika yale aliyonena Ayubu kulikuwamo na kilio kile chote.

Wewe, mwanangu, uliruhusiwa kusema sura ya kwanza peke yake. Au ulijiruhusu hiyo peke yake, kwa sababu mke wa mzee wa kanisa na kiongozi wa maombi hulazimika kuwa imara. Naomba ujiulize taratibu: je, kilichozimika ni imani, au ni sauti ambayo haijapata mahali pa kulilia? Sina uhakika na jibu. Ila ile hasira ya chooni inanifanya niulize. Mtu asiyeamini tena hana wa kumkasirikia. Hasira yako inaelekea kwa nani? Kwa yule mama aliyehisi kitu ambacho wewe hukukihisi? Kwako mwenyewe, kwa sababu ya ile Jumapili? Au kwa Mungu? Kama ni kwa Mungu, usiogope kulitamka hilo mbele zake. Yeremia alimwambia kwamba amemhadaa. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumwita Mungu na inakwisha gizani, bila mstari wa kushukuru wala ahadi, na Kanisa limeiweka katika kitabu chake cha sala karne zote hizi. Wasomi wa Zaburi huhesabu karibu theluthi yake kuwa ni za maombolezo. Katika vikundi vyetu vya maombi tunaziimba mara ngapi? Hili linanisikitisha sana, kwa sababu tumewafundisha watu kushangilia tu, na siku wakishindwa kushangilia wanadhani wamepotea.

Umeuliza kama wewe ni mnafiki. Wanafiki ambao Yesu anawataja katika Mathayo 6 walipenda kusimama wakiomba ili watu wawaone. Wewe unatamani usionekane kabisa. Kuamka alfajiri huku hupati ladha yoyote, ukarudi tena kesho yake, mimi siwezi kukuita unafiki. Mama Teresa wa Calcutta, mtawa wa Kikatoliki, alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 watu walishangaa kukuta kwamba kwa karibu miaka 50 aliomba katika giza, akiona kama Mungu hayupo, huku akiendelea kuwahudumia maskini kila siku. Nakutajia yeye ili ujue kwamba ukavu hauwapati wavivu na waasi peke yao. Sikutajii ili uige miaka 50 ya kunyamaza. Yeye mwenyewe hakunyamaza moja kwa moja: giza lile tunalijua kwa sababu aliwaandikia viongozi wake wa kiroho na kuwaeleza wazi. Wewe mpaka sasa umedokeza tu, tena kwa kuzungukazunguka.

Hata hivyo sitaki kulifuta swali lako haraka, kwa sababu dhamiri yako imegusa kitu cha kweli. Kukosa hisia si uongo. Kumwahidi mtu jambo usiloliamini, hapo ndipo pa kuangalia. Sauti yako kutobadilika mbele ya watu huenda ni mazoea ya miaka, na mazoea mema humbeba mtu wakati nguvu zimekwisha. Ila kama katika mazoea hayo mmezoea kutangaza matokeo kabla hayajawa, basi huenda dhamiri yako inalikataa hilo, na mimi nisingeinyamazisha.

Hapa ndipo unapoingia ule ushuhuda. Ulipomwona mama anatembea hadi nje, ulifurahi kama mtoto yeyote ambavyo angefurahi, ukasema zaidi ya ulichokijua. Nafikiri tangu siku ile umekuwa ukijiuliza kama kifo chake kiliuaibisha mdomo wako au kilimwaibisha Mungu. Mtume Paulo, ambaye Matendo ya Mitume yanasema wengi waliponywa kwa mikono yake, anamwandikia Timotheo kwamba alimwacha mwenzake wa safari, Trofimo, katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa. Hatoi maelezo wala hamlaumu Trofimo. Yeye mwenyewe alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, na jibu likawa, "Neema yangu yakutosha." Kama watu hao waliweza kuishi na maombi ambayo hayakujibiwa walivyotaka, labda kikundi chenu nacho kinaweza. Je, umewahi kurudi kwa wale akina mama ukawaambia, "Nilitangaza kwamba amepona, na hakupona, na iliniuma"? Sikuamuru ufanye hivyo. Nauliza tu kama huenda nao wamekuwa wakikuogopea, kila mmoja akilijua jambo lile na hakuna anayelitaja.

Sasa tuje kwenye uamuzi. Ignatius wa Loyola, padre Mkatoliki wa karne ya 16, si wa kanisa lenu lakini alipima mienendo ya moyo kwa uangalifu mkubwa. Aliacha shauri kwamba mtu akiwa katika ukiwa wa rohoni asibadili maazimio aliyoyafanya wakati moyo wake ulipokuwa na nuru. Ukilifuata shauri hilo, hutaandika barua ya kujiuzulu wiki hii. Lina hekima, maana uchovu hutufanya tuone mlango mmoja tu. Hatari yake ni kwamba unaweza kuligeuza kuwa kisingizio cha kuendelea kujikaza mpaka uanguke. Kutobadili azimio hakukukatazi kupumzika. Unaweza kumwomba mwenzako aongoze kwa muda, wewe ukakaa miongoni mwa wengine ukaombewa. Yoshua alipopigana na Amaleki, Musa aliinua mikono yake juu ya kilima mpaka ikawa mizito, wakampa jiwe akaketi juu yake, na Haruni na Huri wakaitegemeza mikono hiyo, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili. Yupo nani kikundini kwenu anayeweza kuwa Huri? Kuna mama ambaye huwa haongei sana lakini siri haitoki kwake? Anza kumfikiria huyo.

Kuacha uongozi kabisa nako ni njia halali, wala si kuanguka dhambini. Ila angalia usiache kimyakimya, kwa kutoa sababu za uongo za kazi au watoto, kwa sababu hapo utakuwa umeutoka mzigo mmoja na kuingia katika ule uleule unaoukimbia. Na kusema yote mbele ya kikundi kizima kwa siku moja kuna hatari yake pia. Wapo watakaokukumbatia, wapo watakaokukemea pepo, na kidonda chako kwa sasa hakiwezi kubeba vyote viwili.

Kwa hiyo mimi ningemtazama kwanza mume wako. Alikujibu kwa sentensi moja na ikakufunga mdomo. Inawezekana ni mtu mgumu, lakini inawezekana pia aliogopa. Yeye naye alifiwa na mkwe aliyekuwa akiishi nyumbani mwake, na huenda hana mahali pa kulipeleka hilo zaidi ya wewe. Mtafute wakati hamna haraka, watoto wamelala, umwambie kabla hujaanza: "Baba, leo naomba unisikilize tu. Usiniombee kwanza, usinishauri kwanza. Na tutakayosema yabaki kati yetu mpaka tukubaliane vinginevyo." Hilo la siri lisemeni mapema, maana mzee wa kanisa anaweza kuona ni wajibu wake kulifikisha kwa wazee wenzake. Kama unahisi hawezi, basi mchungaji au mama mmoja mtu mzima katika imani, asiye wa kikundi chako, anaweza kuwa mtu wa kuanzia.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Unalala? Unakula? Kusoma sura nzima na usikumbuke kitu kunaweza kuwa ni huzuni ya kawaida ya kufiwa, na kunaweza pia kuwa sonona, ambayo ni ugonjwa na unatibika. Eliya alipolala chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke ale, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Safari ya kwenda mlima Horebu ilikuja baadaye. Nenda kamwone daktari au mshauri wa afya ya akili, na kama kuna siku unatamani usingeamka, usingoje hata wiki. Kabla ya kufunga siku tatu, uliza pia mwili wako kama uko tayari. Umetoka kwenye uuguzi na mikesha mirefu, na hakuna andiko linalokulazimisha ufunge ukiwa umeishiwa.

Umebaki na rafiki yako na mtoto wake. Kwanza hakikisha, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba matibabu ya mtoto yanaendelea, dawa hazijasimamishwa, na mtoto mwenyewe hahusishwi katika mfungo. Mara nyingine mzazi aliyekata tamaa huona kuendelea na hospitali ni dalili ya imani haba, na kwa kuwa anakuamini, neno lako hapo lina uzito mkubwa kuliko maombi ya sauti ya juu.

Kisha fikiria ni maombi gani unaweza kuyaomba leo bila dhamiri yako kukushtaki. Yule baba wa mtoto katika Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza. Mtoto wake aliponywa siku hiyohiyo. Warumi 8 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Unaweza kumwomba Mungu amponye mtoto huyo kwa nguvu zako zote zilizobaki, na usitangaze kwamba amekwisha kupona. Unaweza kusoma zaburi ya maombolezo na kumwachia mwingine neno la mwisho. Unaweza pia kumwambia rafiki yako kwamba utakuwepo siku zote tatu lakini hutaongoza. Kila njia kati ya hizi ina gharama. Ukiongoza, huenda ukarudi nyumbani ukiwa mtupu zaidi. Usipoongoza, huenda akaingiwa na hofu kwamba umeona jambo baya juu ya mwanawe, kwa hiyo sababu ya kweli utalazimika kumpa wewe mwenyewe, ana kwa ana, kabla hajaisikia kwa wengine.

Na ukikaa naye, sidhani unahitaji maneno mengi. Alikuomba umwombee mwanawe kama ulivyomwombea mama yako, na ukatamani kumjibu kwamba mama yako yuko kaburini. Labda kuna namna ya kumwambia hilo bila kumvunja: kwamba ulimwombea mama yako kwa moyo wote, ukampoteza, bado hujui kwa nini, na pamoja na hayo uko tayari kukaa naye hospitali usiku atakaokuwa peke yake. Wewe ndiye unayemjua, na unajua anaweza kubeba kiasi gani kwa sasa. Ukishazungumza na mume wako, niandikie tena, hata kama hujaamua lolote.